Bi. (katika barua za biashara, Mombasa)

Bi. ni kifupisho cha Bibi, jina la heshima linalotangulia jina la mwanamke katika maandishi ya Kiswahili kama vile Bw. linavyotangulia la mwanamume. Halisemi mwenyewe ameolewa, hajaolewa, ameachika au amefiwa na mume. Matumizi yanayoelezwa hapa ni ya Mwembe Tayari, mtaa wa biashara kisiwani Mombasa kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, penye soko, maduka na afisi za mabasi ya kwenda bara. Ankara, risiti na vifurushi vya hapo hubeba majina ya Waswahili, Wamijikenda, Wahindi, Wakamba na Wakikuyu kwa pamoja, na ndipo karani anapokwama.

Hukwama zaidi kwenye jina la mwisho. Tuseme mteja ni Fatma Ali Said. Ali ni babake, Said ni babuye. Barua ikianza kwa “Mrs. Said” imemwoza kwa babu yake mzaa baba. “Bi. Said” nayo haijaponya kitu, maana Said si yeye. Inayofaa ni Bi. Fatma, au Bi. Fatma Ali penye Fatma wengi, na Mombasa Fatma ni wengi. Mwanamke Mswahili kwa desturi haachi ubini wake akiolewa. Zamani uliandikwa kwa binti au kwa wa: mmoja wa wasimulizi watatu wa kitabu Three Swahili Women, kilichohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutoka mwaka 1989, ni Bi Kaje wa Mwenye Matano wa hapa Mombasa, na jina la mume halimo. Mfano wa karibu ni Rais wa Tanzania tangu 2021. Magazeti ya ng’ambo humwita Rais Hassan, ilhali Mswahili yeyote husema Rais Samia. Mumewe ni Hafidh Ameir, na jina hilo halimo kabisa katika jina lake.

Kwa wateja kutoka bara mambo hugeuka. Wako wanaochukua jina la mume na wako wasiolichukua, na kwa kutazama tu Wanjiru Kamau huwezi kujua Kamau ni nani. Bi. Wanjiru haikosei. Ila akitia sahihi “Mrs. Kamau”, ajibiwe kwa Bi. Kamau, kwani jina ni lake na uamuzi ni wake. Majina mengine huja na heshima yake ndani. Ben katika jina la Kigujarati ni dada, na bai ni bibi, kwa hiyo ukiongeza Bi. mbele umevisha kanzu juu ya kanzu. Si kosa, ni wingi tu. Kwa Wagiriama, Me- ni mama wa fulani: Mekatilili wa Menza, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, alizaliwa Mnyazi, na jina alilojulikana nalo ni la umama.

Umama huo ndio uliomo katika Mama Ali na Mama Zuhura, majina yanayotajwa sokoni siku nzima. Kwa mdomo ni adabu tupu. Kwenye barua yaache, hasa kwa mtu usiyemjua: asiye na mtoto atajiuliza umeambiwa nini. Bibi kwa ukamilifu wake pia lina mitego, kwa kuwa mmoja huliona mke na mwingine nyanya. Limebaki salama katika “Bwana/Bibi,” ya kufungulia barua rasmi kwa asiyejulikana, na katika wingi wake, Mabibi.

Isidhaniwe kwamba Bi. halikuwahi kubagua. Halikuuliza ndoa, liliuliza uungwana. Kabla ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, Bibi alikuwa mwenye nyumba, na mjakazi aliitwa jina lake kavu. Mwana, lililotangulia majina kama Mwana Mkisi, malkia wa masimulizi ya Mombasa ya kale, na Mwana Kupona, mtunzi wa utendi wa 1858, lilikuwa la daraja ya juu; leo limegandana na jina lenyewe, na Mwanaisha huandikwa Bi. Mwanaisha bila mtu kushtuka.

Kiingereza kilifikia jina la heshima lisilouliza ndoa kwa njia nyingine. Ms. lilipendekezwa katika gazeti moja la Massachusetts mwaka 1901, na New York Times halikulikubali hadi 1986. Ufaransa iliondoa Mademoiselle katika fomu za serikali mwaka 2012. Makarani wengi wa Mombasa bado huandika Mrs. au Miss kwa kukisia umri. Nyongeza moja: ile M/s iliyochapwa juu ya vitabu vya ankara haihusiani na Ms. Ni ya makampuni, hata kampuni ikiwa ya wanaume watupu.

Cheo cha kazi hushinda Bi.: Dkt., Prof., Wakili, Mhe. kwa mbunge. Havirundikwi. Sharifa na Hajjat huandikwa pale mwenyewe anapoyatumia. Tanzania huweka pia Ndugu, kwa mwanamke na kwa mwanamume. “Mpendwa”, lililotafsiriwa kutoka barua za Kiingereza, lingefaa liachiwe wachumba.

Jina likiwa Amani au Baraka, lisiloonyesha mwanamke wala mwanamume, barua huelekezwa kwa cheo, “Kwa Meneja”, au hupigwa simu kwanza. Na mteja aliyekwisha kuandika, tazama chini ya barua yake alivyojiita.