Mgeni wa Juba na Urithi wa Gondokoro

Februari 1863, msafara ulioanzia Zanzibar ulifika Gondokoro, kituo cha ukingo wa mashariki wa Naili, karibu na mahali ulipo leo mji wa Juba. Wakuu wake walikuwa wapelelezi Waingereza Speke na Grant, lakini uliwezekana kwa kazi ya wapagazi, askari na wakalimani wa mwambao na bara, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa India. Hao ni miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa mwanzo ambao kufika kwao katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini kumeandikwa. Walichokikuta ni kambi ya wafanyabiashara kutoka Khartoum: bunduki, pembe za ndovu, mateka wa kuuzwa, na wenyeji Wabari waliokuwa hawamwamini mgeni yeyote. Tangu siku hizo, wengi walioingia eneo la Juba wamerudia kosa moja. Mgeni anakutana kwanza na athari za wageni waliomtangulia, kisha anaziita tabia ya wenyeji.

Ushahidi wa kwanza uko hapo hapo Gondokoro. Msafara wa serikali ya Misri, ukiongozwa na nahodha Selim, ulifika nchi ya Wabari mwanzoni mwa 1841. Chifu Lagono aliwapokea wageni, wakapeana zawadi na kubadilishana shanga na mali ya nchi. Miaka michache baadaye Nyigilo, mtu wa ukoo mkubwa wa Wabari, alisafiri hadi Khartoum kwenda kuwaona wageni hao kwao. Watu hao hawakuwa wamejifungia. Mambo yalibadilika miaka ya 1850, wakati wafanyabiashara binafsi walipomiminika wakiwa na askari wao wa kukodi, wakajenga vituo vyenye ngome, wakapora ng'ombe, na wakatumia ng'ombe hao kununulia pembe na watu. Mpelelezi Mwingereza Samuel Baker alipofika 1863, alikuta matokeo ya zaidi ya miaka 10 ya uporaji huo. Aliandika waziwazi kuhusu uovu wa wafanyabiashara wale, na hilo lazima tumkubalie. Hata hivyo, miaka michache baadaye aliuambia umma wa London kwamba watu wa Naili ya Juu hawana hata dini, ilhali Wabari walikuwa na Ngun, Mungu wao, na waganga wa mvua ambao uongozi wao uliegemea juu yake. Mwaka 1871 alirudi na jeshi la Misri, akaiita Gondokoro Ismailia, na Wabari walipokataa kuwalisha askari wake, aliwapiga vita na kuwanyang'anya mifugo. Mgeni aliyelaani uporaji akawa naye mporaji, na walionyang'anywa wakaitwa wakaidi.

Yaliyofuata yaliongeza uzito wa urithi huo. Ndani ya miaka 40 nchi hiyo ilipitia mikononi mwa Wamisri, wafuasi wa Mahdi wa Sudan walioteka kituo cha Rejaf 1888, askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walioitwaa Rejaf 1897, na Waingereza waliorithi eneo la Lado 1910. Waingereza ndio walioifanya Juba makao ya utawala wa jimbo, mwishoni mwa miaka ya 1920. Sheria ya vibali ya 1922 na sera ya kusini ya 1930 viliwafukuza wafanyabiashara wengi wa kaskazini mwa Sudan, vikafungua mlango kwa Wagiriki na Washami, na kuiacha kusini ikitegemea shule za wamisionari. Mwenyeji hakutayarishwa kuwa mwenye duka katika mji wake mwenyewe. Vita kati ya kaskazini na kusini, vya 1955 hadi 1972, kisha vya 1983 hadi 2005, viliigeuza Juba kuwa mji wa kambi za jeshi, barabara zake zikitegwa mabomu.

Ukishajua hayo, sikiliza tena maneno yaliyosemwa na Wakenya, Waganda na Waethiopia waliofika baada ya mkataba wa amani wa 2005, wakafungua hoteli, wakaleta maji kwa malori, wakaendesha bodaboda, wakajaza vibanda katika soko la Konyokonyo. Wengi walisema Msudani Kusini hajui biashara, ni mkali, anapenda silaha. Hukumu hiyo inamlaumu mtu kwa kukosa kitu alichozuiwa kukipata kwa muda mrefu. Wakimbizi waliorudi kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kambi za Uganda wanaikanusha: wengi wao wamerudi na Kiswahili, na baadhi wamefungua biashara ambazo wazazi wao hawakupata nafasi ya kuzianzisha.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba hoja hii inawakinga viongozi wa nchi. Vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 havikuletwa na Baker wala na Waingereza. Ni kweli, na wahusika wana majina na dhamana yao. Lakini kosa la viongozi halithibitishi tabia ya watu. Waliouawa katika mitaa ya Juba walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo inayohukumiwa. Wengine watataja Septemba 2014, wizara ya kazi ilipotangaza kuwaondoa wageni katika nafasi nyingi za ajira, kisha agizo hilo likarudishwa nyuma baada ya siku chache. Watasema mwenyeji naye anamchukia mgeni. Pengine wapo wenye chuki. Ila kwa mtu ambaye kwa zaidi ya karne ameona wageni wakichukua nafasi kabla yake, hofu ya mgeni ina sababu, na sababu hiyo hujibiwa vizuri zaidi kwa haki katika ajira kuliko kwa matusi.

Ipo pia hoja kwamba mgeni wa kawaida hana muda wa kusoma historia. Lakini anao muda wa kujifunza Kiarabu cha Juba, lugha iliyozaliwa katika kambi zile zile za karne ya 19 na ambayo leo huwakutanisha Mbari, Mkuku, Mdinka na Mzande. Ndugu yake, Kinubi, kimesemwa Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda kwa zaidi ya miaka 100, kikiwa kimepelekwa huko na askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika eneo hilo la Naili, pamoja na wazao wao. Kwa hiyo Sudan Kusini ilikuwa imekwisha kuingia kwetu muda mrefu kabla ya 2016, ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekwenda Juba leo na aulize kwanza wageni wa jana walifanya nini, ndipo aseme neno juu ya wenyeji.