Simba, Chui na Ndovu: Boti Tatu za Doria na Funzo Lake katika Istilahi

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa mwezi wa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Jeshi la majini la kikoloni, lililokuwa likilinda pwani ya Afrika Mashariki, lilikwisha kuvunjwa mwaka 1962. Chombo cha kwanza cha jeshi jipya, Nyati, hakikuwa kipya: hapo awali kilitumika Uingereza kwa jina la Aberford. Mwaka 1966 ndipo zilipopokelewa boti tatu zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya Kenya na kampuni ya Vosper, mjini Portsmouth. Zilipewa majina ya Simba, Chui na Ndovu.

Kila boti ilikuwa na urefu wa meta 31 hivi, mizinga miwili ya milimita 40, na mabaharia wapatao 23. Mwendo wake ulifikia maili za bahari 24 kwa saa. Leo zote tatu zimekwisha kustaafu. Lakini mfasiri anayetaka kuandika habari zake hukutana na matatizo matatu ambayo hayajastaafu.

La kwanza ni la jina la chombo. Neno manowari, tulilolipata kwa Waingereza, hujumlisha vyombo vyote vya vita, vikubwa kwa vidogo. Si kosa kulitumia hapa, lakini halimwelezi msomaji kazi ya chombo. Boti ya doria ni bora zaidi, maana doria ni neno ambalo kila askari analifahamu, nalo hutaja kazi yenyewe.

La pili ni la kundi. Vyombo vilivyoundwa kwa ramani moja huitwa kwa jina la kile cha kwanza. Mfasiri mwenye haraka ataandika "daraja la Simba", na msomaji ataanza kutafuta mto ulipo. Akiandika "aina ya simba", bila herufi kubwa, atakuwa amehamia mbugani. Hapana budi kusema kwa ukamilifu: boti za doria za aina ya Simba.

La tatu ndilo zito, kwa kuwa linahusu sarufi. Je, Simba alitia nanga, au ilitia nanga? Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai, boti haichukui. Tukiandika kwamba Chui aliondolewa kazini, mwanafunzi wa kesho atadhani ni habari za idara ya wanyamapori. Wala tatizo halikuishia kwa wanyama. Boti zilizofuata katika miaka ya 1974 na 1975 ziliitwa Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee. Je, tuseme Madaraka yalitia nanga?

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi. Jina la aina litangulie jina la pekee, na upatanisho ufuate lile la kwanza: boti Simba ilitia nanga, boti Madaraka ilitia nanga, chombo Ndovu kilitia nanga. Jina la pekee likisimama peke yake, bado lifuate upatanisho wa boti.

Walimu watauliza kama jambo hili lina uzito wowote. Linao. Vyombo vikishakatwa vyuma, kinachobaki ni maandishi, na maandishi yenye utata huipotosha historia. Tuyaandike sawasawa, maadam wapo waliozitumikia boti hizo na wanaoweza kutusahihisha.