Nasaba, utafiti wa (Chepkoilel)

Utafiti wa nasaba ni kazi ya kufuatilia ukoo kwa masimulizi na kumbukumbu zilizoandikwa. Chepkoilel, kwenye viunga vya Eldoret katika Kaunti ya Uasin Gishu, mtafiti huanza kwa wazee. Wanandi hutambuana kwa ukoo, mnyama wa ukoo na rika la tohara. Marika kama Maina, Chumo na Sawe hurudi kwa zamu, hivyo husaidia kukadiria kizazi.

Sensa. Sensa kamili ya kwanza nchini Kenya ilifanyika 1948. Ripoti zake hutoa jumla za watu, si majina.

Ndoa. Ushahidi mkuu ni vitabu vya makanisa na vyeti vya serikali. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliagiza ndoa za kimila nazo zisajiliwe.

Jeshi. Askari wa King's African Rifles (1902–1963) hutafutwa katika majalada ya utumishi na pensheni. Wapagazi wengi waliokufa katika Vita Kuu vya Kwanza hawakuandikwa majina.

Nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Masimulizi ya wazee hayana hifadhi kama hiyo. Yafaa yarekodiwe wangali hai.