Usanisinuru na viputo vya majini

Usanisi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vitu sahili kuliko chenyewe. Nuru ndiyo inayotoa nishati ya kazi hiyo. Usanisinuru, basi, ni kazi ya mmea kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ukaa, kwa mwanga unaonaswa na umbijani wa majani. Naipenda istilahi hii kuliko fotosinthesisi, maana mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifumbua mwenyewe.

Oksijeni haimo katika jina hilo, na ni sawa isiwemo. Mmea hupasua molekuli za maji. Oksijeni ni masalio yake. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walitumia oksijeni nzito kama alama, wakaonyesha kwamba masalio hayo yanatokana na maji, si na hewa ukaa. Kinachoundwa ni chakula. Katika Ziwa Magadi, ndani ya kreta ya Ngorongoro, sianobakteria wasio na jani wala mzizi hufanya usanisinuru uleule, na heroe wadogo huinamisha vichwa majini kuwachuja na kuwala.

Msitu wa ukingo wa kreta hutoa oksijeni mchana kutwa bila kuonekana. Majini huonekana. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alieleza jinsi majani yaliyozamishwa yanavyotoa viputo juani na kukoma gizani. Ndivyo anavyoona mfugaji wa samaki mwenye mimea tangini: viputo vimetanda juu ya majani kama shanga.

Hapa wengi hukosea, wakidhani mmea umeanza kazi pale viputo vilipotokea. Oksijeni huyeyuka kwanza katika maji; kiputo hukua pale maji yanayoligusa jani yanaposhindwa kuipokea yote. Kwa hiyo mwinuko una neno lake. Kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi, lita ya maji baridi iliyo wazi kwa hewa hushika oksijeni miligramu 9 hivi usawa wa bahari. Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, kanieneo ya hewa ni ndogo, na kiasi hicho hushuka hadi karibu 7.6. Mmea uleule, kwa mwanga na joto lilelile, utaonyesha viputo mapema Karatu kuliko Tanga, bila kufanya kazi zaidi.

Tena si kila kiputo ni cha mmea. Maji ya bomba yaliyokuja kwa shinikizo huachia hewa yakitulia, nayo hushika vioo, mawe na majani bila kuchagua. Funika tangi kwa kitambaa kizito: mkondo wa viputo unaotoka kwenye shina lililokatwa ukipungua, kisha ukakoma, huo ulikuwa wa usanisinuru.