Mbabula yenye udongo ndani: ilitoka wapi?

Hapa Bulengera, familia iliyokimbia vita na kupokelewa katika chumba kimoja huanza kuhangaikia makala. Msaada unaweza kuleta maharagwe, lakini hayaivi bila moto. Mama asiyeweza kununua anatoka kwenda kutafuta kuni mashambani, na kila mtu anajua hatari inayomngoja kule. Tunalalamikia bei ya makala. Mimi ningelalamikia kwanza mbabula.

Mbabula ya bati tupu, husemwa, ilifika Afrika Mashariki pamoja na Wahindi waliojenga reli. Ni nyepesi na fundi yeyote anaiweza. Ubaya wake ni kwamba bati hupitisha joto mbio. Sogeza mkono ubavuni mwake: moto unaousikia pale umeulipia, na sufuria haikuupata. Waliopima walikuta kwamba katika joto lote la makala, sehemu 10 hadi 20 tu kwa 100 ndizo zinaingia kwenye chakula.

Mwezi wa nane 1981, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya. Miaka ile ile Wakenya, kati yao Maxwell Kinyanjui na shirika la KENGO, walichunguza mbabula ya Thailand iliyo kama ndoo, yenye udongo ndani. Udongo haupitishi joto upesi kama bati. Lakini hupasuka, sababu ndani unatanuka kwa moto huku nje ungali baridi. Ilibidi kujaribu tena na tena, na kusikiliza akina mama wanaopika, ambao kwa maoni yangu ndio waliojua zaidi. Mwishowe udongo ukabaki juu tu, mahali makala yanapokaa, bati likapewa kiuno chembamba, na katikati pakawekwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, wakaipiga kwa nyundo zao.

Joto linalofika kwenye sufuria likapanda hadi 25 au 40 kwa 100. Mbabula hiyo ikaenea Uganda, Rwanda na Tanzania.

Katika Kivu ya Kaskazini, WWF ilianza mradi wa EcoMakala mwaka 2007, kupanda miti ya makala ili Virunga ipumue. Lakini mti unachukua miaka, na sufuria inangoja leo.

Ukienda sokoni, gonga udongo kwa kidole. Uliochomwa vizuri unalia. Wenye ufa unanyamaza.