Mafundi wa jua kali na hesabu ya ajira

Ukikaribia Kamukunji, Nairobi, nyundo utazisikia kabla hujawaona mafundi. Hapo bati hugeuzwa sanduku la mwanafunzi, karai au jiko la makaa. Mafundi hao waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi nje, bila paa. Kwa miaka mingi jasho lao halikuhesabiwa kuwa ajira.

Mwaka 1964, Kenya ikiwa changa, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi viliwekeana mkataba. Makampuni yangeongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, navyo vyama visidai nyongeza ya mishahara. Nia ilikuwa njema, lakini habari za kazi zilipofika vijijini, wengi zaidi walikuja mjini kuzitafuta. Nafasi chache zikazaa foleni ndefu.

Mwaka 1972 ukaja ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na wanauchumi Hans Singer na Richard Jolly. Ripoti yao iligeuza swali lenyewe. Walieleza kwamba tatizo kubwa si watu kukaa bure, kwani maskini wengi walishinda kutwa nzima kazini, ila kipato hakikuwatosha. Mafundi na wachuuzi waliofukuzwa na askari wa jiji kwa kukosa leseni walionekana kuwa wazalishaji halisi. Ripoti iliwaita sekta isiyo rasmi, istilahi aliyoitumia mtafiti Keith Hart baada ya kazi yake mjini Accra, Ghana, nayo ikaenea duniani.

Heshima ilichelewa. Ni katika miaka ya 1980 ndipo Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, na mabanda yakajengwa. Leo, ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 nchini Kenya wamo katika sekta isiyo rasmi.

Kwa hiyo tusome takwimu za ajira kwa makini. Kwa kanuni za kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja kwa wiki huhesabiwa kuwa ameajiriwa, na aliyekata tamaa ya kutafuta kazi hahesabiwi kuwa hana ajira. Kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira hakimaanishi kwamba watu wameshiba. Serikali inayotangaza idadi ya waliopata kazi na itangaze pia kazi hiyo inawalipa kiasi gani.