Mapendo Yahitaji Elimu

Mara nyingi twasifu mapendo ya wale wanaotunza wagonjwa. Ni vema. Lakini historia ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, yatufundisha zaidi.

Katika mwaka 1976 hospitali ya misioni ile ilikuwa na vitanda 120 na watumishi 17, wala hapakuwa na daktari. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 kwa kazi ya siku nzima. Sindano ilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu, kisha ikatumiwa kwa mgonjwa mwingine. Hivyo ugonjwa wa Ebola, ambao haukujulikana bado, ulienea. Watu 280 walikufa, na kati yao watumishi 11 wa hospitali.

Mapendo hawakukosa, maana walitoa maisha yao. Walikosa vyombo na elimu ya kutosha. Wachunguzi waliofika baadaye waliuliza swali jepesi: nani alichomwa sindano, nani hakuchomwa? Swali hilo lilifunua njia ya ugonjwa.

Basi, shule zetu za wauguzi zisifundishe matumizi salama ya sindano tu. Zifundishe pia kuandika, kuhesabu na kuuliza, kwani muuguzi ndiye wa kwanza kuona.